Tanga limeanuliwa, sasa je? Maswali yenu kuhusu kufiwa

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu kufiwa. Barua karibu zote zimeandikwa wiki ya tatu, mwezi wa tano, hata mwaka wa pili, yaani wakati turubai limesharudishwa kwa mwenyewe, masufuria ya kukodi yamehesabiwa na simu haiiti tena. Hapo ndipo mfiwa anapobaki na mambo madogo yasiyo na mtu wa kumuuliza. Tumechagua barua saba na majina tumeyaacha.

"Nimesikia kikohozi chake mlangoni"

*Shikamooni. Mume wangu amefariki miezi miwili iliyopita baada ya miaka 31 ya ndoa. Bado niko eda. Kila jioni najikuta nimepika chakula cha watu wawili. Juzi nikasikia kikohozi chake mlangoni, nikainuka kwenda kumfungulia. Wifi zangu wanasema akili imenihama. Tena wanataka nguo zake zigawiwe upesi. Nifanyeje? – Mjane, Tanga*

Pole sana, mama. Akili yako haijahama. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mahojiano na wajane na wagane 293. Karibu nusu walisema wamewahi kumhisi marehemu yupo karibu nao, na baadhi walimwona au kumsikia. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu kwa kuogopa kuchekwa. Kwa miaka 31 ubongo wako umejifunza ratiba ya nyumba: komeo, viatu, kikohozi, "hodi". Saa ile ikifika bado unaingoja sauti ile, na geti la jirani likigonga, ubongo wenyewe unaijaza sehemu iliyobaki. Hali hii huja zaidi miezi ya mwanzo na hupungua taratibu. La kukupeleka hospitali bila kungoja ni sauti inayokutukana, inayokuamuru ujidhuru au inayokuita umfuate.

Kuhusu chakula, mkono ndio unaokumbuka kuliko kichwa. Sufuria uliyozoea na kopo ulilozoea kupimia ndivyo vinavyokupikisha cha wawili. Viweke juu ya kabati kwa muda. Chukua sufuria ndogo na upime mchele mkavu nusu kikombe cha chai, ambao unamtosha mtu mmoja. Na siku utakayojisahau ukapika cha wawili, mpelekee jirani sahani moja, usikae kuitazama. Hamu ya kula ikikataa kabisa, acha kungoja njaa, fuata saa: kitu kidogo kila baada ya saa tatu au nne. Uji, yai, ndizi mbivu, mtindi, vyote vinatosha kwa wiki hizi.

Kuna jambo tunaloliona mara nyingi mno kwenye misiba, nalo ni dawa za presha na kisukari kuachwa. Nyumba imejaa watu, dawa zimehamishwa chumba, siku tano zinapita. Majonzi yenyewe hupandisha presha, na hatari ya mshtuko wa moyo huwa kubwa zaidi saa 24 za kwanza na siku zinazofuata. Ikiwa unatumia dawa, kapime. Eda haikuzuii. Miezi 4 na siku 10 ni ya kukaa nyumbani, lakini kutoka kwa haja, na matibabu ni haja, kunaruhusiwa. Akikukataza mtu, muulize shehe wa msikiti wenu mbele yake.

Nguo sasa. Kwanza kabisa kagua mifuko: kitambulisho, kadi ya benki, risiti za deni, funguo. Mali ya marehemu ni ya warithi wote, hata kanzu, hivyo hakuna wifi mwenye haki ya kuja na mfuko kabla mirathi haijazungumzwa. Wakati ukifika, anza na vitu visivyouma, soksi, koti la mvua, halafu uende kwenye mashati. Fanya saa moja tu kwa siku, na mtu mmoja unayemwamini. Mafungu yawe matatu: vya kutoa, vya kubaki, na vile ambavyo bado hujui. Fungu la tatu lifunge, uandike tarehe, usiliguse kwa miezi sita. Shati moja usilifue. Harufu yake ikishatoka kwenye maji ya sabuni hairudi. Litie kwenye mfuko wa plastiki, utoe hewa, ufunge vizuri.

Simu yake pia. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, namba akapewa mtu mwingine, na siku moja utapiga upokelewe na mgeni. Mwombe mtoto au mjukuu ahamishe picha na ujumbe wa sauti kwenye simu mbili tofauti, mapema. Pesa zilizomo kwenye laini msizitoe kwa namba ya siri hata kama mnaijua. Zimo kwenye mirathi, na kampuni ina utaratibu wake wa kuzitoa kwa cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi.

"Nimerudi nyuma hatua ngapi?"

*Habari zenu. Darasani tulifunzwa hatua tano za majonzi: kukana, hasira, kupiga bei na Mungu, huzuni, kukubali. Mamangu aliaga miezi minne iliyopita. Nilikuwa nimefika kwenye kukubali, sasa nina hasira upya. Nilikosea wapi? – Mwanafunzi, Nairobi*

Hukukosea popote. Hatua hizo zinatokana na daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyeziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa wa Chicago waliokuwa wakingoja kifo chao wenyewe. Baadaye watu wakazibandika kwa wafiwa kama vituo vya basi. Wafiwa wengi hawapiti hivyo. Hasira huweza kuja mwezi wa saba, kukubali kukaja wiki ya kwanza kisha kukaondoka.

Kinachofanana zaidi na maisha ni kile walichoeleza Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi. Saa fulani yuko kwenye kilio, kumbukumbu, picha. Saa nyingine yuko kwenye karo, mtihani, kufua, kucheka na wenzake. Anayekaa upande mmoja tu, uwe wa machozi au wa kujifanya hakuna kilichotokea, ndiye anayekwama. Kwa hiyo siku uliyocheka hukumsaliti mama.

Ukiona kilio kinavamia darasani, kipe saa yake. Dakika 20, wakati uleule kila siku, isiwe karibu na kulala. Kaa na picha yake au mwandikie barua, lia ukitaka. Malizia kwa kitendo kilekile kila mara, kwa mfano kunawa uso na kutoka nje. Uchungu ukikujia saa nne asubuhi, uambie, "Saa kumi na moja nakuja." Wiki ya kwanza hautakusikia. Kufikia ya pili au ya tatu wengi huona mabadiliko.

Kipimo cha kutafuta mtaalamu kipo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022 inatambua majonzi ya muda mrefu kuwa ugonjwa pale yanapopita miezi 6, kiu ya marehemu ikiwa kali karibu kila siku, mtu akashindwa kusoma, kufanya kazi au kuishi na watu, kupita kiasi ambacho jamii yake inakiona cha kawaida. Wamarekani wao wanahesabu miezi 12 kwa watu wazima. Wewe uko mwezi wa nne. Lakini mawazo ya kutaka kufa hayangojei mwezi wowote, hayo ni ya leo leo.

"Tulimwambia mama amesafiri"

*Mke wangu alifariki wiki tatu zilizopita kwa ugonjwa. Watoto wana miaka 4 na 9. Mdogo tulimwambia mama amesafiri. Kila gari likisimama nje anakimbilia dirishani. Mkubwa hajalia hata tone, anacheza mpira kama kawaida. Naogopa. – Mgane, Morogoro*

Kaka, pole. Tunaanza na dirisha, kwa sababu kila siku inayopita inamfundisha mdogo wako mambo mawili mabaya: kwamba mama ameamua kutorudi, na kwamba wakubwa hawasemi kweli. Mwambie wiki hii. Chagua asubuhi, si usiku, akiwa ameshiba, mahali mlipozoea kukaa. Maneno yawe mafupi: "Nilikuambia mama amesafiri. Haikuwa kweli, nilikuwa na huzuni nikashindwa kusema. Mama alikuwa mgonjwa sana, amekufa. Mtu akifa mwili wake unaacha kufanya kazi. Hapumui, hali, haumwi tena. Hawezi kurudi. Mimi nipo, nitakutunza."

Tumia neno "amekufa". Tunajua linakwaruza masikioni, lakini "amelala" humfanya mtoto aogope kulala, na "Mungu amempenda akamchukua" humfanya ajiulize Mungu atampenda nani kesho. Mafundisho ya dini yenu mpeni, ila yafuate baada ya ukweli wa mwili.

Mtoto wa miaka 4 bado anadhani kifo kinaweza kutenguka. Atakusikiliza, atatikisa kichwa, halafu jioni atauliza mama anarudi lini. Hajapuuza. Jibu kwa maneno yaleyale, hata mara ya kumi. Anaweza kuanza kukojoa kitandani tena, kutaka kubebwa, kulilia nguo ya mama. Mpe hiyo khanga alale nayo. Usimchape kwa kitanda kuloa. Mvue, mfute, badilisha shuka, basi.

Huyu wa miaka 9 anajua kwamba mama harudi. Watoto huomboleza kwa vipande: dakika kumi za uchungu, kisha mpira saa mbili, kwa sababu mwili mdogo haubebi zaidi ya hapo. Mpira ni mapumziko yake. Muangalie zaidi nyakati za kulala, chakula chake, na kama amegeuka mlezi wa mdogo wake na mchungaji wako, akikuchungulia kabla ya kucheka. Zungumza naye mkiwa na shughuli mikononi, mkiosha baiskeli au mkichambua maharage. Ana kwa ana atakuambia "niko sawa".

Watoto wote wawili wana maswali matatu hata wasipoyatamka. Je, ni mimi niliyesababisha? Na mimi nitakufa? Baba akifa nani atanilea? Yajibu kabla hayajaulizwa. La kwanza lijibu kwa sauti kubwa, maana mtoto aliyewahi kumkasirikia mama ana ushahidi wake moyoni. La tatu lijibu kwa jina la mtu: "Mimi nina afya. Likinipata jambo, mjomba fulani na mkewe wamekubali kukaa nanyi." Kisha uhakikishe kweli wamekubali.

Ratiba irudi upesi iwezekanavyo. Andika nani anaamsha, nani anafungasha chakula, nani anasuka nywele, nani anapokea shuleni. Kwa wiki hizi isizidi mikono miwili mitatu. Kuwagawa ndugu hawa, mmoja kwa bibi, mmoja kwa shangazi, ni kuwafiwisha mara ya pili. Kama hakuna njia, waende wote wawili nyumba moja.

Kwa mwalimu wa darasa nenda mwenyewe. Mwambie kilichotokea, mkubaliane ishara ambayo mtoto ataonyesha akitaka kutoka dakika tano bila kuuliza mbele ya wenzake, na mwombe akuarifu kabla ya somo au kadi za "siku ya mama". Mtoto akisema anataka kufa amfuate mama, au ikafika miezi sita hachezi, hali vizuri, hataki shule, mpelekeni hospitali ya wilaya na mweleze kwamba amefiwa. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia.

"Bila kidonge silali"

*Mdogo wangu amefariki miezi mitano sasa. Sijalia. Nafanya kazi gereji. Nikirudi napata bia tatu nne, halafu kidonge cha usingizi ninachonunua duka la dawa. Bila hivyo silali, na nagombana na kila mtu. – Fundi, Mwanza*

Kaka yetu, hii ndiyo barua iliyotuogopesha kuliko zote. Bia na vidonge vya usingizi vya kundi la diazepamu vyote hupunguza nguvu ya kupumua. Vikikutana usingizini, mtu huweza kuacha kupumua pasipo aliye pembeni kujua. Usivichanganye tena hata siku moja. Lakini pia usikate vidonge ghafla ukiwa umevitumia zaidi ya wiki chache, maana huleta mtetemeko, hofu kali, hata degedege. Hali kadhalika pombe kwa aliyezoea kunywa nyingi kila siku. Nenda kwa daktari na pakiti mkononi, mwambie idadi kwa ukweli. Atakupunguzia dozi kidogokidogo.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa za kundi hilo zisitumike kwa waliofiwa kwa ajili ya dalili za majonzi. Zinazoeleka haraka, na hazigusi kinachokukosesha usingizi. Pombe nayo hukulaza saa tano ikakuamsha saa tisa usiku, saa ambayo mfiwa yuko peke yake kabisa.

Usingizi hurudishwa kwa kuamka. Weka saa ileile ya kuamka kila siku, hata Jumapili, hata kama umelala kwa saa mbili tu, usilale mchana. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa nane mchana. Ukikaa kitandani dakika 20 macho makavu, toka, kaa kwenye kiti gizani au penye taa hafifu, rudi usingizi ukikushika. Inachukua wiki mbili hadi nne, na wiki ya kwanza ni mbaya.

Ugomvi wako huenda ni majonzi yaliyokosa mlango. Mwanamume aliyeambiwa "jikaze" tangu utotoni huwa hana njia nyingine isiyomtia aibu. Machozi si lazima. Wengine hutoa kwa mikono, na wewe una mikono ya kazi: jengea kaburi la mdogo wako, tengeneza pikipiki aliyoiacha, mtembelee mama yenu kila Jumamosi ukamfanyie jambo. Fanya na mtu mmoja aliyemjua, mkimtaja. Na kazini, kwa miezi hii, mwombe mwenzako akague nati za magurudumu na breki ulizofunga. Umakini wa mfiwa hukatika katikati ya kazi bila yeye kujua.

Maziwa yanapokuja na mtoto hayupo

*Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kina mama waliojifungua mtoto mfu wananiuliza kuhusu maziwa. Wengine wanafungwa khanga kifuani hadi hawapumui vizuri. Niwaambie nini? – Mbeya*

Asante kwa kuuliza, maana wodi nyingi humruhusu mama huyu bila kumwambia lolote, kisha siku ya tatu anaamka blauzi imelowa. Mwambie mapema: maziwa huja kati ya siku ya 2 na ya 5, na yanaweza kuja hata mimba iliyotoka baada ya wiki ya 16 hivi. Khanga ya kukaza isitumike. Huziba mirija, na maziwa yaliyoziba huleta uvimbe na jipu. Avae sidiria inayoshika vizuri isiyobana, usiku na mchana. Kitambaa kilichochovywa maji baridi akiweke dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Maji ya moto kifuani yanaita maziwa, ayaepuke. Titi likiwa gumu kama jiwe, akamue kwa mkono kidogo tu, mpaka maumivu yalegee, asilimalize. Paracetamol vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24. Maji ya kunywa asipunguziwe, kumnyima hakukaushi. Kwa kawaida maziwa hukauka ndani ya wiki moja hadi tatu. Ipo dawa ya kuyakausha ila ni ya daktari, maana mwenye presha haimfai.

Homa ya nyuzi 38 na zaidi, sehemu nyekundu yenye joto kwenye titi, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au uchafu wenye harufu kali: hospitali siku hiyohiyo. Na mweleze pia kwamba asiyenyonyesha anaweza kushika mimba tena kabla hajaona hedhi, yai huweza kupevuka wiki ya nne tu. Aamue akiwa anajua.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu ni mzazi. Usiseme "utapata mwingine". Uliza, "Mlimpa jina?" Kama walimpa, mtaje. Kama nyayo zilipigwa kwa wino au kuna picha, zitunzwe kwenye bahasha hata kama leo hataki kuziona. Baba naye aulizwe, kwa kawaida yeye ndiye aliyebeba lile sanduku dogo hadi makaburini na hakuna aliyemwambia pole.

Msiba wa mbali

*Mama yangu alizikwa Unguja siku ileile aliyofariki. Mimi niko Muscat, kazi za ndani. Nilipata habari nikiwa napiga pasi, nikamaliza nguo. Sasa mwezi wa tatu, naona kama si kweli. Na nyumbani wananipigia kuomba pesa za hitima na deni la hospitali. – Binti, Muscat*

Binti yetu, pole sana. Hukuosha, hukusindikiza, hukukaa mkekani. Mwili wako haujapewa ushahidi, ndiyo maana hauamini. Uutafutie. Ukiwa chumbani kwako na udhu wako, unaweza kumsalia sala ya ghaibu, yaani sala ya maiti anayosaliwa aliye mbali. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, yanairuhusu. Ndugu akipata nafasi akurekodie kaburi, njia ya kutoka nyumbani hadi pale, na mtu mmoja akikusimulia pole pole saa zake za mwisho, alisema nini, nani alikuwepo. Picha za maiti kataa kama hujaziomba, haziondoki kichwani. Nyumbani ni saa moja nyuma ya Muscat, hivyo panga siku moja ya wiki ukae simuni na yule ndugu anayeweza kulia nawe, na siku hiyo pesa zisitajwe.

Za pesa, andika kiwango unachoweza kwa mwezi, mwambie mtu mmoja tu mwenye busara, wengine wote wapitie kwake. Mtu aliyefiwa akiwa mbali hulipa kwa majuto yake, na majuto hayana kikomo.

Utakaporudi, hata mwaka ujao, jua msiba utaanza upya tangu uwanja wa ndege. Wenyeji watakuwa wameshasahau ratiba ya kulia na utajihisi mchelewaji. Waambie mapema kwamba siku mbili za kwanza hutaki wageni. Ingia chumbani kwake na mtu mmoja, kabla hakijageuzwa cha mtu mwingine, kaa chini.

"Nimwambie nini?"

*Mwenzangu ofisini amefiwa na mtoto. Karudi kazini, tunamkwepa kwa kutojua la kusema. – Dar es Salaam*

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto anapofariki, hivyo amerudi kwenu angali mbichi. Mnamkwepa, naye anaona. Nenda mezani kwake, useme, "Pole. Sina maneno, lakini nipo. Ungependa tumzungumzie leo, au tufanye kazi tu?" Jibu lolote atakalotoa lifuate. "Kazi ya Mungu haina makosa" mwachie alitamke mwenyewe. Likitoka kwake ni imani. Likitoka kwako anaweza kulisikia kama amri ya kunyamaza.

"Ukihitaji chochote niambie" haifanyi kazi, kwa kuwa mfiwa hana nguvu ya kuhesabu anachohitaji, wala uso wa kuomba. Toa kitu chenye siku na saa: "Jumamosi saa nne nakuja kuwachukua wadogo zake, nawarudisha saa kumi wameshakula." "Ripoti ya mwezi huu naiandika mimi, wewe utaipitia." "Alhamisi nitaleta maharage na chapati, nitaacha mlangoni." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani tusioubeba sisi tunauona mwepesi.

Na kwenye kundi la michango, tunashauri hivi: zisiishie zote kwenye turubai na ubwabwa. Mhazini atenge hata robo ampe mfiwa mwezi wa pili, wakati dawa, kodi na ada vinadaiwa na hakuna anayechanga tena.

Chukua simu yako sasa, weka kengele za kukukumbusha: wiki ya tatu, wiki ya sita, mwezi wa tatu, Idi au Krismasi ya kwanza, siku ya kuzaliwa ya mtoto, siku ya kifo mwaka ukitimia. Kila kengele ikilia, andika mstari mmoja wenye jina la mtoto ndani yake: "Leo nimemkumbuka fulani. Huna haja ya kunijibu."